Figili Moja Haizai

Mbegu za figili nilizinunua kwa sababu moja tu, na sababu yenyewe haina heshima: nyuma ya pakiti iliandikwa kwamba zitakuwa tayari kwa siku 25 hadi 30. Mwezi mmoja. Mimi ni mtu wa bedsita, ghorofa ya pili hapa Lurambi, si mbali na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, mtu ambaye hata video ya dakika tano huitazama kwa kasi maradufu. Mboga inayokubali kukomaa kabla kodi ya mwezi ujao haijaitishwa ilionekana kuwa mboga ya watu wa rika langu.

Nilikuwa na beseni la plastiki lililopasuka ukingoni. Nikalitoboa matundu chini kwa msumari uliopashwa moto, nikajaza udongo nilioletewa na mtu wa boda, nikachanganya na samadi iliyokauka. Nikachora mistari kwa kidole, kina cha sentimita moja hivi, nikadondosha mbegu, nikafunika. Kumwagilia si kazi kubwa Kakamega. Mvua ya hapa huingia alasiri kama mfanyakazi wa zamu ya pili. Siku ya nne vijani vikatokeza, viwili viwili, vyenye umbo la moyo. Siku ya kumi nikapunguza miche ili kila mmoja upate nafasi. Siku ya 27 nikang'oa ya kwanza. Ilikuwa nyekundu, ya duara, ndogo kuliko ndimu, na nilipoikata ndani ilikuwa nyeupe kama chaki. Nikaipiga picha kabla ya kuila. Si mnajua tulivyo.

Jumapili hiyo nikabeba figili kumi na mbili hadi Shinyalu kwa kukhu, yaani nyanya yangu. Nilizikata kwenye kachumbari, pamoja na nyanya, kitunguu na dhania. Kukhu akatafuna polepole, akakunja uso.

"Hii ni nini? Karoti iliyokasirika?"

Tukacheka. Akatafuna tena, safari hii kwa umakini, kama mtu anayesoma barua. Kisha akauliza swali ambalo limenifanya niandike haya yote.

"Mbegu yake iko wapi?"

"Iko kwa pakiti, kukhu."

"Na pakiti ikiisha?"

"Nitanunua nyingine."

"Na wewe ukiishiwa?"

Sikuwa na jibu. Hakuniuliza kwa ukali, na wala hakuwa ananifundisha. Kwake lilikuwa swali la kawaida kabisa, kama kumwuliza mgeni amekuja kwa njia gani. Mimi ndiye niliyerudi nalo kwenye matatu hadi mjini, nikaligeuza kichwani juma zima.

*

Ukiingia jikoni kwa kukhu, angalia juu. Kuna mahindi yaliyofungwa kwa maganda yake na kuning'inizwa juu ya meko, meusi kwa moshi. Hayo si chakula. Kuna chupa zenye mbegu za mrenda, saga na managu, na kopo la maharagwe yaliyochanganywa na jivu. Hayo pia si chakula. Utoto wangu wote niliyaona kama mapambo ya watu wa zamani. Sikuwahi kujiuliza ni kwa nini mahindi yale ya juu yalikuwa daima makubwa kuliko yale tuliyokula.

Sababu ni hii: wakati wa kuvuna, kabla mtu hajachoma hata hindi moja, kukhu hupita shambani peke yake. Hutafuta mabua yaliyosimama imara, yasiyoshikwa na ugonjwa, yenye mahindi yaliyojaa hadi ncha. Hayo ndiyo ya mbegu. Sisi tulikula yaliyobaki. Ukitafakari kidogo, utaona kwamba kanuni hiyo inakwenda kinyume cha tamaa zote. Mkono unataka kula kilicho bora na kuacha kilichodumaa. Lakini anayekula bora na kupanda duni, mwaka baada ya mwaka, anajipalilia uduni. Shamba humrudishia alichochagua.

Kwa hiyo swali la "mbegu yake iko wapi" si swali la kilimo tu. Ni swali la deni. Kila nilichowahi kula mezani pale kilikuwepo kwa sababu kuna mtu, mwaka uliotangulia, alitazama kilicho bora zaidi akasema: hiki sitakila. Na mtu wa kabla yake vilevile. Mimi ndiye wa kwanza katika mnyororo huo kusema nitanunua nyingine.

Najua jibu la haraka, kwa sababu nilijipa mwenyewe. Dunia imegawana kazi. Sishoni nguo zangu, sitengenezi simu yangu, kwa nini nijitafutie mbegu? Na jibu hilo lina uzito. Mwaka 1964 mbegu chotara ya mahindi iitwayo H611 ilitoka Kitale, na zile zilizoifuata zikabadilisha mashamba ya magharibi mwa Kenya. Hata kukhu hupanda chotara kwenye robo ya shamba lake, na hamwombi mtu msamaha. Chotara huzaa vizuri. Shida yake ni moja: ukiweka mbegu yake na kuipanda msimu unaofuata, haikurudishii ileile. Mengine hutoka marefu, mengine mafupi, nguvu imepungua. Inabidi urudi dukani. Hilo si uovu wa mtu yeyote, ndivyo chotara ilivyo. Ila maana yake ni kwamba uliponunua mbegu ulinunua msimu mmoja, na msimu ujao bado uko dukani.

Kuna kitu kingine ambacho pakiti hubeba nacho. Inapotegemewa peke yake, husahaulisha. Saga, managu na mrenda vilidharauliwa kwa miaka mingi kama mboga za maskini, na wengine waliviita magugu tu. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa JKUAT ametumia sehemu kubwa ya maisha yake ya utafiti kuonyesha thamani ya mboga hizo, na leo managu yanauzwa kwenye supamaketi yakiwa yamefungwa vizuri. Lakini wataalamu hawangekuwa na cha kutafiti kama hakungekuwa na akina mama wenye chupa juu ya meko, walioendelea kuweka mbegu wakati hakuna aliyezithamini.

Basi nikaamua kulipa deni langu, angalau kwa beseni moja. Nitaweka mbegu ya figili.

*

Nilipanda tena. Zilipokomaa nikazing'oa, nikaacha tatu zilizoonekana bora. Kuziacha kulikuwa kugumu kuliko nilivyodhani. Figili iliyokomaa ina siku chache za utamu. Ukipitisha, inapasuka, ndani inakuwa kama sifongo, ukali unazidi. Yaani ili upate mbegu inabidi uitazame mboga yako bora ikiharibika kama chakula mbele ya macho yako, na usifanye lolote.

Mbili zilioza kwa mvua. Ya tatu ikapandisha shina. Lilipanda hadi likafika kifuani mwangu, likatoa maua madogo yenye rangi ya zambarau iliyofifia. Majirani wa ploti walikuja kuyatazama. Nyuki nao walifika, nadhani walitoka kwenye ua wa jirani, na nikasimama pale dirishani nikijihisi mtu mwema. Nilikuwa mlinzi wa urithi. Nilikuwa nimejinyima. Akiba haiozi, si ndivyo tulivyofundishwa shuleni?

Maua yakaanguka. Nikasubiri maganda yavimbe. Machache yalitokea, membamba kama njiti. Nikayapasua. Yalikuwa matupu.

Ilinibidi nisome ndipo nielewe. Figili kwa kawaida haikubali chavua yake yenyewe. Chavua ya ua ikianguka kwenye ua jingine la mmea uleule, mmea huitambua na kuikataa. Haragwe hujichavusha lenyewe bila kumhitaji yeyote. Figili haiko hivyo. Lazima kuwe na figili nyingine, yenye asili tofauti kidogo, ichanue wakati huohuo, na lazima kuwe na mdudu wa kupeleka habari kati yao. Mlinzi mmoja, mwenye mmea mmoja bora, kwenye dirisha moja, hata awe na moyo safi namna gani, ataishia na maganda matupu.

Na kulikuwa na kosa la pili. Ile niliyoisherehekea kwa kuwa ya kwanza kutoa maua haikuwa bora hata kidogo. Anayeweka mbegu ya figili hung'oa zile zinazokimbilia maua mapema, kwa sababu ukizirithisha, watoto wake watakimbilia maua kabla hawajatengeneza chochote cha kuliwa. Nilikuwa nimechagua ile iliyojionyesha haraka. Ni kosa ambalo watu wa kizazi changu tunalifahamu vizuri nje ya kilimo.

*

Hapa niruhusuni nitoke Kakamega kidogo, kwa sababu swali langu lina kisa chake kikubwa, na kisa hicho hakinipi usingizi.

Mrusi mmoja, Nikolai Vavilov, alizunguka dunia akikusanya mbegu. Alifika hadi Uhabeshi mwaka 1927. Mkusanyiko wake uliwekwa Leningrad, na wakati huo ulikuwa mkubwa kuliko mwingine wowote duniani. Mwaka 1940 alikamatwa na serikali yake mwenyewe, na Januari 1943 akafa gerezani Saratov. Huku nyuma, kuanzia Septemba 1941, jeshi la Ujerumani lilikuwa limeizingira Leningrad. Mzingiro huo ulidumu siku 872. Watu walikufa kwa njaa kwa mamia ya maelfu. Na ndani ya taasisi ile wanasayansi walikaa wakilinda mchele, ngano, njugu, mahindi, viazi. Hawakula. Kadhaa wao walikufa humo. Dmitri Ivanov, mtaalamu wa mchele, alikufa kwa njaa akiwa amezungukwa na maelfu ya pakiti za mchele.

Kila nikisimulia kisa hiki, wasikilizaji hugawanyika pande mbili. Wengine husema hao ni watakatifu: walikufa ili sisi tule. Wengine husema hapana, mbegu ipo kwa ajili ya watu, na mtu anayekufa mbele yako ana haki kubwa kuliko mtu ambaye hajazaliwa. Mimi nimekaa pande zote mbili kwa siku tofauti.

Nilimsimulia kukhu. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Sisi tulikula."

Ulikuwa mwaka wa 1984, ule mwaka wa ukame ambao watu wanaukumbuka kwa mahindi ya njano yaliyoletwa kutoka nje. Alikuwa na watoto wadogo. Kilichokuwa juu ya meko kilishushwa, kikasagwa, kikapikwa. Alisema haoni aibu, ila anakumbuka usiku ule jinsi jiko lilivyoonekana lilipokosa kitu cha kuning'inia.

"Na mwaka uliofuata ulipanda nini?"

"Nilienda kwa dadangu aliyeolewa upande wa Malava. Akanipimia. Wa huko walikuwa hawajamaliza."

"Ulimlipa?"

"Nilivuna nikamrudishia, nikazidisha kidogo. Na miaka mingi baadaye yeye aliharibikiwa na maharagwe, akaja kwangu."

Ndipo nikaona kwamba nilikuwa nimeliuliza swali vibaya. Nilikuwa nauliza: je, mtu mmoja anapaswa kula mbegu yake au kufa? Leningrad lilikuwa swali la kweli kwa sababu mkusanyiko ulikuwa pale, mwingi mahali pamoja, umezingirwa. Kukhu aliweza kula mbegu yake, akawalisha watoto wake, na bado mbegu isipotee, kwa sababu ileile ilikuwa imekaa kwa dada yake Malava, na kwa majirani wa dada yake, na Mungu anajua kwa nani tena. Wema wake haukutegemea ushujaa. Ulitegemea utawanyiko. Nyumba moja ikishindwa, nyingine inakuwa haijashindwa.

Nadhani hilo ndilo figili yangu ilikuwa inaniambia kwa maganda yake matupu.

*

Sasa tuje kwenye sheria, kwa sababu Kenya kitendo cha dada huyo wa Malava kimewahi kuwa na utata mahakamani.

Tuna Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326. Mwaka 2012 ilifanyiwa marekebisho, na baada ya hapo mkulima aliyeuza au kubadilishana mbegu ambazo hazijasajiliwa na kuidhinishwa angeweza kufungwa hadi miaka 2, au kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 1, au vyote viwili. Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 walienda Mahakama Kuu kuipinga. Mwishoni mwa Novemba 2025 mahakama ikaamua kwamba vifungu vilivyowabana wakulima wasiweke na kubadilishana mbegu zao vinakiuka katiba. Katiba yenyewe, ile ya 2010, kwenye ibara ya 11 inalitaka bunge litunge sheria ya kulinda umiliki wa mbegu za kienyeji.

Nataka kuwatendea haki waliotunga sheria ile. Hawakuamka asubuhi wakiwachukia akina nyanya. Mbegu feki ni janga. Mtu anachukua nafaka ya kawaida, anaipaka rangi, anaiweka kwenye pakiti inayofanana na ya kampuni, na mkulima aliyekopa anapoteza msimu mzima. Ndiyo maana KEPHIS hukagua mbegu, na pakiti siku hizi zina stika ya kukwaruza ili uulize kwa simu kama ni halali. Udhibiti wa duka unalinda watu. Na hata anayetengeneza mbegu mpya amefanya kazi ya miaka mingi, anastahili malipo.

Lakini tazama kosa lilipoingia. Sheria ilimtazama dada wa Malava kama duka bovu, duka lisilo na leseni. Haikuona kwamba yeye si duka kabisa. Mbegu feki hustawi pale ambapo muuzaji hajulikani na hataonekana tena. Dada alikuwa anajulikana. Kama angempa kukhu mbegu mbovu, angekutana naye kwenye matanga, kwenye harusi, kanisani, maisha yake yote. Huo nao ni ukaguzi. Na zaidi ya hapo, ule utawanyiko ndio uliokuwa bima ya wote. Ukiukataza kwa jina la usalama, unakuwa umewakusanya watu wote kwenye ghala moja na kuomba lisizingirwe.

Nilisoma habari za hukumu ile nikiwa na maganda ya figili yanakauka kwenye gazeti juu ya kabati. Figili si mboga ya kienyeji huku kwetu, na sidhani kuna askari aliyewahi kuwaza kuhusu beseni langu. Hata hivyo nilisoma mpaka mwisho, kama mtu anayesoma kesi ya ndugu yake.

*

Maana nilikuwa nimepanda tena, mwezi wa Agosti, na safari hii si peke yangu. Niligawa miche kwa majirani watatu wa ploti. Mmoja aliipanda kwenye ndoo ya rangi, mwingine kwenye gunia, wa tatu, dada wa nambari saba, kwenye karai lililotoboka. Ile iliyokimbilia maua kwanza niliing'oa bila huruma. Nyingine tisa, zilizotawanyika kwenye veranda nne, zilichanua karibu wakati mmoja. Nyuki walikuja. Mwezi wa Desemba tulikuwa na maganda yaliyonenepa, na ndani yake mbegu za kahawia, mviringo, mbili tatu nne kila ganda. Tulizipura kwenye shuka. Kikombe cha chai kilijaa nusu. Nikawapa wote watatu, na nilipoenda kijijini Krismasi kukhu akafungiwa zake kwenye karatasi. Hakusema lolote. Alizitia kwenye chupa, akaiweka pamoja na zile nyingine. Sijawahi kupata tuzo kubwa hivyo.

Ningeweza kuishia hapo, na ungekuwa mwisho mzuri. Lakini kuna mwezi wa Februari.

Februari nilipita kwenye njia ya chuo nikamkuta dada wa nambari saba amekaa na kimeza chake cha kuuza peremende na kalamu. Kando ya peremende kulikuwa na vikaratasi vilivyokunjwa vizuri. Juu yake aliandika kwa kalamu nyekundu: FIGILI, MWEZI MMOJA, 20/-. Wanafunzi walikuwa wananunua.

Hasira niliyoipata ilinishangaza. Mbegu zangu! Mimi ndiye niliyenunua pakiti ya kwanza. Mimi ndiye niliyesoma mambo ya chavua. Mimi ndiye niliyewapa bure, na yeye anauza. Nilimsalimia kwa ubaridi nikapita. Usiku nikatunga hotuba nzima kichwani kuhusu mtu anayegeuza zawadi kuwa biashara.

Katikati ya hotuba nikajisikia. Zangu? Nusu ya chavua ilitoka kwenye karai lake. Kama karai lile halingekuwepo, pengine ningekuwa bado napasua maganda matupu. Na hata ile pakiti ya kwanza, kuna watu huko nyuma, nisiowajua, wa nchi nisizozijua, walioziacha figili zao bora bila kuzila kwa mamia ya miaka hadi zikafika agroveti ya Kakamega. Nilikuwa nimefanya kazi ya miezi minane juu ya kazi yao, na tayari nilikuwa nimejitungia sheria yangu ndogo ya marekebisho.

Kisha nikajiuliza: kama kuuza si kosa, kosa ni nini? Maana moyo wangu uling'ang'ania kwamba kuna kosa mahali fulani. Nilichofikia ni hiki. Kuuza mbegu hakumnyang'anyi mtu kitu. Dada ana watoto wawili shuleni, na kukunja vikaratasi ni kazi. Mwanafunzi aliyelipa bob 20 alipata mbegu pamoja na watoto wa mbegu na wajukuu wake, na hakuna aliyemwambia asizipande tena wala asimpe mwenzake. Mnyororo haukukatika. Kosa linaanza pale muuzaji anapopokea pesa na bado anataka kuushika mkono wa mnunuzi mwaka ujao, kwamba hiki nimekuuzia lakini kitakachozaliwa nacho si chako. Kwa yule aliyebuni mbegu mpya, naelewa akiomba ulinzi wa muda ili alipwe kwa jasho lake. Kwa chupa iliyo juu ya meko ya kukhu, ambayo aliibuni kila mtu na hakuibuni yeyote, sioni nani anaweza kuomba hivyo bila kuona haya.

Na yule anayeficha? Hilo nilijifunza mwezi wa Aprili.

Mbegu zangu nilikuwa nimeziweka kwenye mkebe, chini ya kitanda, nimezifunga kabisa. Baada ya Februari sikumpa mtu tena, nilikuwa nimenuna. Mvua ndefu zilipoanza, ukuta wa bedsita ukatoa jasho kama kawaida yake. Nilipoufungua mkebe nilikutana na harufu ya ukungu. Pengine sikuwa nimezikausha vya kutosha, pengine ni mkebe wenyewe. Nilijaribu kumi kwenye kitambaa chenye maji. Hata moja haikuota.

Akiba haiozi? Hii ilioza. Mbegu ni mali ya ajabu. Pesa ukiifungia unaweza kuikuta. Mbegu ya figili hata ukiitunza vizuri ina miaka yake minne mitano hivi, kisha inakufa polepole ndani ya chupa. Njia pekee ya kuendelea kuwa nayo ni kuitoa, kwa udongo au kwa mtu.

Nilishuka hadi kwenye njia ya chuo. Dada wa nambari saba alikuwa pale, chini ya mwavuli, na vikaratasi vyake ndani ya mfuko wa nailoni.

"Za siku nyingi, jirani. Ulinikasirikia?"

"Kidogo," nikasema. "Zangu zimeoza. Nipe moja."

Nikatoa bob 20. Nilidhani atakataa. Kusema kweli nilitarajia akatae, ili nami nipate kusisitiza, halafu tuagane tukiwa watu wema. Aliipokea, akaitia kwenye kibeti, akanipa karatasi moja. Nilipogeuka akaniita, akaniongezea nyingine mbili.

"Hizo za kurudisha," akasema. "Zile ulizonipa Desemba."

Sijaamua bado kama nilinunua au nilirudishiwa. Nimezipanda Jumamosi, mistari minne, kwenye beseni lilelile lenye ufa. Leo ni siku ya tano na vijani vimetokeza. Nikishapunguza miche nitampelekea kukhu, maana aliniambia zile za kwake zimeliwa na kuku, naye ameniuliza, bila haya hata kidogo, kama mimi bado ninazo.